Kasiba ya Jirani

Katika jimbo la Michigan, nilikopelekwa na riziki, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba kila mwaka, iangukie siku iangukiayo. Basi haikunishangaza kumwona jirani yangu, mzee aliyestaafu udereva wa malori, mwenye viganja vipana na itikadi ya kwamba hapana kitu ulimwenguni kisichotii nguvu, akiniita mwezi wa Oktoba katika banda la gari lake, ambamo bunduki yake ya Savage 110 ilikuwa imebanwa kwenye jiliwa, haina kasiba, na kasiba mpya, ya risasi za .308 Winchester, imelazwa kando juu ya taulo la jikoni ambalo mkewe alikuwa akilitafuta nyumba nzima.

Akanikabidhi kurunzi. Ni cheo nikipendacho, kwa sababu mshika kurunzi huyaona yote wala haulizwi rai yake.

Ama bunduki nyingi haziwekwi kasiba ila na fundi mwenye kerezo. Lakini aina hii, tangu ilipotoka mwaka 1958, kasiba yake hukazwa kwa nati, hata mtu akaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani, maadamu anayo spana yake na geji mbili za chuma zilizochongwa kwa sura ya risasi. Kwani baina ya uso wa komeo na bega la chumba cha risasi pana nafasi, ambayo ikipungua komeo halifungi, na ikizidi ganda la risasi hutanuka, pengine likapasuka, na gesi ya baruti ikarejea usoni mwa mpigaji. Kwa hiyo komeo sharti lifunge juu ya geji ya kwanza, ambayo hadi begani ni inchi 1.630, na sharti likatae juu ya ya pili, ambayo ni inchi 1.634, tofauti ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. (Wenye ile bunduki ya kale ya Kiingereza, Lee-Enfield Nambari 4, walistarehe zaidi, kwa kuwa komeo lake lina kichwa kinachofunguka, na vichwa hivyo hupigwa nambari tangu 0 hadi 3, vikizidiana urefu, fundi akachagua kinachofaa, lakini mzee hakutaka kusikia habari za Waingereza.)

Naye, kwa ubahili ambao yeye aliuita hekima, alikuwa amenunua geji ya kwanza peke yake, na badala ya ya pili akabandika kitakoni mwake utepe wa gundi tabaka mbili, kila tabaka likiwa na unene wa kama sehemu mbili za elfu za inchi. Hila hiyo wengi huitumia, ila humtaka mtu mwenye vidole vya taratibu, maana komeo lina nguvu za kusukuma kuliko zidhaniwavyo, na utepe hubonyea. Mzee akalisukuma kwa kiganja, likafunga. Akalegeza nati, akairudisha kasiba ndani kidogo, akakaza, na katika kukaza kasiba ikazunguka pamoja na nati, hesabu yote ikabatilika. Akalaani, akaanza upya, akasukuma tena kwa kiganja, utepe ukatoka umekunjamana.

Ndipo alipokumbuka kwamba komeo hupimwa likiwa tupu, bila springi za ndani kuisukuma geji na kumdanganya mwenye kupima, akaanza kuking'oa kile kikulabu kivutacho maganda, ambacho nyuma yake hukaa kigololi cha chuma kidogo kama punje ya mtama. Nilikisikia kikigonga mtungi wa rangi, kisha sikukisikia tena.

Mkewe alipoingia alitukuta sote wawili tumepiga magoti.

"Mnasali?"

Nikamwambia kwamba kwa kadiri nijuavyo kibla hakiko upande wa mashine ya kukatia majani. Hakucheka, alikwenda jikoni, akarudi na sumaku ya mlango wa friji, akaipitisha sakafuni bila haraka, ikaokota misumari, skrubu, chuma kimoja ambacho mzee alikuwa amekililia tangu majira ya joto, na kigololi. Kisha akauliza shida ni nini, akaelezwa kwa maneno mengi, akabandika utepe mpya, akalishika komeo kwa gumba na kidole cha shahada na kulishusha polepole.

"Linakataa," alisema.

Mzee alifurahi kupita kiasi, akampa geji bila utepe, komeo likafunga lenyewe. Nati ikakazwa, wakapima tena, likakataa na kufunga vilevile. Hata hivyo mama yule alimwamuru anunue geji ya pili kabla risasi yoyote haijaingia humo, naye akanunua, nayo ikasadikisha.

Siku hizi mzee huwahadithia wageni kwamba kasiba hiyo aliibadilisha kwa mikono yake mwenyewe, na mkewe, akiwapo, huinua gumba na kidole cha shahada.