Injini ya Mvuke kwa Mtu Mwenye Muda

Mwenye shida ya umeme hununua jenereta. Mwenye shida ya maji hununua pampu. Injini ya mvuke ya mezani ni ya mtu asiye na shida yoyote, anayeona hali hiyo haifai kuachwa iendelee.

Nazungumzia injini halisi, ila ndogo: silinda yenye kipenyo cha milimita 12, pistoni, kombo la kugeuza msukumo kuwa mzunguko, gurudumu zito na boila inayochemshwa kwa moto wa spiriti. Ikikamilika, inazunguka. Basi. Haisagi unga wala haipandishi maji. Kama bado unasoma, wewe ndiwe mlengwa.

Hatua ya kwanza: Jitwalie karakana

Kila nyumba ina karakana, ila wenyewe huiita stoo, baraza au meza ya kulia. Hamia hapo taratibu. Leo weka jiliwa, kesho tupa mbili, keshokutwa msumeno wa chuma na drili. Ukiulizwa, sema unataka kurekebisha bawaba ya mlango wa jikoni, kisha hakikisha bawaba hiyo haiponi.

Kalipa ni lazima, maana kuanzia sasa sentimita ni kipimo cha mafundi seremala. Mashine ya kukereza chuma ni kitu kizuri sana, lakini bei yake haitajwi katika nyumba yenye mtoto anayedaiwa ada. Kazi za kukereza zipeleke kwa wanaotengeneza vipuri vya mashine za kusaga.

“Bosi, hii ni ya mashine gani?”

“Ya mvuke, fundi.”

“Ya treni?”

“Ya mezani.”

Hapo bei itapanda. Lipa. Umeshamwambia mwenyewe kwamba una hela za kuchezea.

Hatua ya pili: Chagua injini usiyoiweza, lakini si sana

Injini nyingi kubwa za mvuke zina vali inayoteleza kwenda na kurudi, ikigawa mvuke upande huu na ule. Hizo ziache kwanza. Anza na injini ya silinda inayoyumba, ambayo haina vali kabisa. Silinda imeshikizwa kwenye pini moja, na ufito wa pistoni umeshika kombo moja kwa moja, hivyo kombo likizunguka silinda nzima huyumba kushoto na kulia. Ubavuni mwa silinda kuna tundu moja. Kwenye bamba inalolielemea kuna matundu mawili: la mvuke unaoingia na la unaotoka. Silinda ikiyumbia huku, tundu lake hukutana na la kwanza na pistoni inasukumwa. Ikiyumbia kule, hukutana na la pili na mvuke unatoka kwa mlio wa chu. Lile gurudumu zito, ambalo mafundi magari huliita flaiwili, huivusha pistoni kwenye ncha za safari yake, pale ambapo mvuke hausaidii kitu.

Maelezo ni mepesi kiasi cha kukufanya udhani Jumamosi moja itatosha. Endelea kudhani hivyo. Bila dhana hiyo hakuna ambaye angeanza.

Hatua ya tatu: Sugua

Matundu yakikosewa kwa nusu milimita, mvuke utaingia na kutoka kwa pamoja, na pistoni itabaki mtazamaji. Uso wa silinda nao lazima ulale juu ya bamba bila mwanya. Weka msasa laini juu ya kioo kinene, utie mafuta kidogo, kisha sugua, ukikagua kila mara. Sugua mpaka majirani waache kuuliza.

Ukikata tamaa, mkumbuke James Watt. Alipata hataza ya injini yake mwaka 1769, lakini hapakuwa na mtu wa kumtobolea silinda kubwa iliyo duara sawasawa, na mvuke ukawa unapita pembeni mwa pistoni. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, mtengenezaji wa mizinga, aliyebuni mashine ya kutoboa silinda. Injini za kwanza za biashara zikaanza kazi mwaka 1776. Watt alisubiri miaka 7. Wewe umeanza kulalamika kabla msasa haujaisha.

Hatua ya nne: Nenda kwa fundi pancha

Kabla ya moto, ijaribu injini kwa upepo. Kompresa ya fundi pancha inafaa kabisa, mradi aufungue upepo kidogo kidogo. Tia tone la oili, sukuma flaiwili kwa kidole, ngoja. Ikigoma, tafuta panapobana au panapovuja. Ikizunguka kinyumenyume, haijaharibika: badilisha tu mahali upepo unapoingilia. Ikizunguka sawasawa, watu watajaa, na mmoja wao atasema angeweza kuitengeneza kwa nusu ya gharama. Usibishane naye. Mkaribishe kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tano: Boila, ambapo utani unakoma

Maji yakigeuka mvuke katika mgandamizo wa kawaida wa hewa hutanuka zaidi ya mara 1,600. Ndiyo maana boila haitengenezwi kwa kopo la maziwa wala chupa ya dawa ya mbu. Tumia bomba nene la shaba nyekundu, na vifuniko vya shaba hiyo hiyo.

Usiunge kwa risasi ya kulehemu redio. Risasi hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi. Maji yakiwepo utadhani uko salama, kwa kuwa kwenye baa 2 juu ya mgandamizo wa hewa huchemka kama kwenye nyuzi 134. Yakikauka moto ukiwa unawaka, viungo vinaachia. Tumia lehemu ya fedha, inayohitaji nyuzi zaidi ya 600. Mafundi friji wanaijua kazi ya kuunga shaba. Mtafute mmoja mzuri, umwombe akufundishe.

Kisha ijaze boila maji baridi hadi pomoni, uisukume kwa pampu mpaka mara mbili ya mgandamizo utakaoutumia. Maji hayabanwi kirahisi, hivyo kiungo kibovu kitatiririsha tu. Upepo au mvuke ungekirusha. Weka vali ya usalama, na usiifunge kwa waya eti inapoteza mvuke. Kupoteza mvuke ndiyo kazi yake. Njia za mkato kwenye boila huua: mwaka 1865 meli ya Sultana ilitiwa kiraka cha harakaharaka kwenye boila yake iliyokuwa ikivuja, ikaendelea na safari. Boila zilipolipuka karibu na Memphis, Marekani, walikufa watu zaidi ya 1,100.

Hatua ya sita: Washa, kisha andaa majibu

Tia maji ya mvua, kwa kuwa ya kisima huacha ukoko wa chumvi ndani. Washa spiriti. Vaa miwani, watoto wakae mbali. Mvuke ukishapata nguvu, sukuma flaiwili.

Ikizunguka, mgeni atauliza inafanya kazi gani. Mwambie kwamba katika majira ya baridi ya 1763 na 1764, Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa Watt mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen, iliyotangulia ya Watt, autengeneze. Ulikuwa ukipiga mara chache na kuishiwa mvuke. Akitafuta sababu, aligundua kuwa silinda ilipoteza joto kwa kupozwa na kupashwa upya kila mara, na mwaka 1765 akapata wazo la kuupozea mvuke kwenye chombo cha pembeni. Mgeni atatikisa kichwa kwa heshima, kisha atauliza tena inafanya kazi gani.

Kazi yake imeshaifanya kwa mwenye nyumba. Aliyewahi kusawazisha kipande cha shaba kwa mkono hatamwambia tena fundi, “Hii kazi ndogo tu.” Nawe usimwambie. Mpe muda wake, umlipe hela yake, na ile bawaba ya mlango wa jikoni mwachie yeye.