Barua ya wazi kwa Kamati ya Ardhi itakayoundwa

Mkulima,
Kata ya Sibwesa,
Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi.

Waheshimiwa Wajumbe,

YAH: MAANDALIZI YA UJIO WENU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua bado hamjateuliwa. Nimewahi kuandika kwa sababu mkishateuliwa mtabanwa na mengi: kuapishwa, picha ya pamoja, hadidu za rejea, kikao cha kujadili posho. Hapo barua ya mkulima haipenyi tena.

Nianze na anwani. Mkitutafuta kwenye majalada ya zamani mtatukuta Mkoa wa Tabora, halafu Rukwa kuanzia 1974, halafu Katavi tangu 2012. Wilaya nayo iliitwa Mpanda, sasa ni Tanganyika. Msihangaike. Mikoa yote hiyo tumeipitia bila kunyanyua jembe, na mahindi yanaota palepale. (Kuhama kwenyewe wazee wanakukumbuka kwa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Huko hakukuwa kwa makaratasi.)

Kuhusu muda wa ziara, nahisi mtakuja Septemba. Wageni wa serikali huja kiangazi, na siwalaumu, maana masika shangingi linaweza kulala njiani na mheshimiwa ndani. Ila Septemba mpunga umeshaingia gunia, majaruba yamepasuka, ng'ombe wanamalizia mabua. Mtachungulia dirishani, mtaona eneo kubwa halina mtu, na mmoja wenu atatamka neno "fursa". Naomba huyo ajibiwe papo hapo na dereva, kwa kuwa dereva mara nyingi ni mtoto wa mkulima. Amwambie kwamba pale pamelazwa. Shamba likilimwa miaka kadhaa mfululizo hadi karanga zikaanza kutoa maganda matupu, mwenyewe huliacha lipumzike. Nyasi zinarudi, vichaka vinarudi, na mpaka anaujua: kuanzia kichuguu kile hadi mninga ule uliopigwa radi.

Nasisitiza kwa sababu Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza humo na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyopitishwa na Bunge lile lile mwaka ule ule, haina maneno hayo. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, pacha waliotoka tumbo moja wakikatana kauli. Kwa Na. 5, shamba langu lililolala ni la kijiji. Kwa Na. 4, likisinzia kupita kiasi laweza kuamka likiwa la mwekezaji. Nimepanda mihogo pembezoni ili sheria ikipita njiani ione kuna kitu.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2011, hapa hapa kwetu, kampuni ya AgriSol kutoka Iowa, Marekani, ilikuwa inayataka makazi ya Katumba na Mishamo, takriban hekta 300,000. Kwenye ramani palipendeza. Ardhini walikuwapo watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na watoto wao, na wajukuu, wamefyeka pori na wanauza mahindi. Mradi haukufika kokote. Tena kuna vijiji vinane vya wilaya hii hii, upande wa msitu wa Ntakata, vinavyouza hewa ukaa na kulipwa mabilioni ya shilingi kwa kutokata miti. Msitu ule kwa jicho la Septemba haukaliwi wala hautumiki. Leo unajenga madarasa.

Sasa maoni. Najua mtaitisha mkutano wa hadhara mtuulize wananchi tunataka nini. Mnaweza kuokoa mafuta, kwa sababu tulishajibu. Januari 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume chini ya Profesa Issa Shivji. Ilizunguka nchi, ikafanya mikutano 277 iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 80,000. Mwaka 1992 ikakabidhi ripoti. Ilichapishwa 1994 kwa ushirikiano na taasisi moja ya Uppsala, Sweden, kwa Kiingereza, ili waliotoa maoni wasisumbuke kuyasoma.

Humo mna pendekezo moja ambalo nawaomba mlisome mkiwa mmekaa. Mwaka 1923 Mwingereza aliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Uhuru ulipokuja, kiti kilibadilisha mkaaji, na Gavana akawa Rais. Tume ilisema mamlaka hayo ya mwisho yatoke kwenye kiti hicho: ardhi ya vijiji iwe ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na iliyobaki ishikwe na tume ya taifa ya ardhi inayowajibika kwa Bunge. Serikali ilishukuru kwa kazi nzuri, ikakataa hilo, ikatoa Sera ya Ardhi ya 1995, na rasimu ya sheria ikaandikwa na mtaalamu kutoka Uingereza. Ardhi yote ikabaki kwa Rais kama mdhamini.

Tangu hapo mmekuja wengi. Mwaka 2019 mawaziri wanane walitumwa kushughulikia vijiji 975 vyenye migogoro na hifadhi, na Machi 2025 Sera ile ya 1995 imezinduliwa upya Dodoma. Mnatupimia, mnatupa hatimiliki za kimila zenye mhuri, tunazitunza kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Tunashukuru, kweli. Lakini kila anayekuja anauliza mpaka uko wapi, na mpaka tunaujua. Tunachouliza sisi ni nani mwenye neno la mwisho upande wa ndani wa mpaka, na swali hilo huwa halimo kwenye hadidu za rejea.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mje Februari. Njooni na buti, mtuone tukiwa kwenye majaruba, maji magotini. Mje na ripoti ya 1992 kwa Kiswahili, nakala moja tu, ikae ofisi ya mtendaji. Na kwenye kitabu cha wageni, ile safu ya maoni ambayo kila mgeni huandika "Asante kwa mapokezi mazuri", mwandike mara hii kama Na. 4 na Na. 5 zikigombana, shamba langu linakwenda na ipi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkulima, Sibwesa

Nakala: Mtendaji wa Kata – kwa taarifa.
Kamati itakayofuata baada yenu – kwa utekelezaji.