Mwongozo wa Kuainisha Vifuniko vya Mafuta kwa Asiyetaka Lawama

Mafuta na gesi ni vyepesi kuliko maji yaliyojaa ndani ya miamba, kwa hiyo hupanda mpaka vikutane na kizuizi. Kazi yako ni kutaja kizuizi hicho kabla kisima hakijachimbwa, na kubaki kazini baada ya kuchimbwa.

1. Sifia umbo. Waambie wenye fedha kwamba mtego wako, yaani mahali mafuta yanaponaswa, ni kunjo zuri la miamba. Umbo linapendeza kwenye ramani. Kwamba umbo peke yake halizuii hata tone, na kinachozuia ni mwamba ulio juu yake, si lazima wajue leo.

2. Hesabu nyuso zinazoziba, lakini kimoyomoyo. Mwaka 1992 watafiti Milton na Bertram walipendekeza mitego iainishwe hivyo. Uwanja wa mafuta wa Ghawar, Saudi Arabia, ni kunjo lenye kifuniko cha anhidraiti: uso mmoja wa juu, basi. Uwanja wa East Texas, uliogunduliwa mwaka 1930, ni habari nyingine. Huko mchanga wa Woodbine ulikatwa na mmomonyoko, kisha ukafunikwa na chokaa ya Austin. Mtego wa namna hiyo unataka kuzibwa juu na chini pia. Ukiwa na nyuso tatu, kila mmoja ukiupa uwezekano wa kuziba wa asilimia 80, zikizidishwa unabaki na kama asilimia 51. Kwa hiyo kikaoni usizidishe. Soma ile 80 mara tatu.

3. Taja namna kifuniko kitakavyovuja. Mwamba wa udongo mfinyanzi huzuia kwa wembamba wa vinyweleo vyake vilivyojaa maji. Mafuta yakirundikana sana chini yake, msukumo wake hushinda, yakapenya. Chumvi haina vinyweleo vya kupenyeka. Hiyo husalimu amri shinikizo likiipasua. Ukiulizwa chako ni kipi, jibu: "Vyote viwili." Utaonekana msomi.

4. Ufa uupe kazi mbili. Mchanga ukisukumwa ukakabiliana na udongo mfinyanzi, ufa unaziba. Mchanga ukikabiliana na mchanga, omba udongo uwe umepakwa kwenye ufa wakati miamba inasuguana. Ufa huohuo ulipitisha mafuta yakija. Sasa uamuru usiyapitishe yakitoka.

5. Kisima kikitoka kikavu, andika "kifuniko kilivuja". Kifuniko hakina wakili. Ila kabla ya kutia sahihi, mwombe mtu wa maabara aangalie kama kuna masalia ya mafuta kwenye vinyweleo vya mchanga. Yakiwepo, una ushahidi wa kutosha. Yasipokuwepo, nenda kamsumbue aliyekuhakikishia kwamba mafuta yalifika: huenda kifuniko chako kilikuwa kizima miaka yote hiyo, ila hakikupewa cha kufunika.