Kaktasi Isiyotaka Kupendwa

Ukitaka kaktasi adimu ife, ipeleke kwenye nyumba yenye ndugu wengi. Nyikani hakuna shangazi, ndiyo maana huko inaishi.

Yangu ni Astrophytum asterias, ambayo asili yake ni kusini mwa Texas na kaskazini-mashariki mwa Mexico. Haina miiba. Ni bapa, aghalabu ina mbavu nane, na imejaa madoa meupe. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni andazi lililokaliwa na mgeni. Huko kwao imechimbwa na kuuzwa kwa magendo hata Marekani ikaiweka mwaka 1993 kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Hii yangu imeoteshwa kwa mbegu na rafiki, haina kesi na mtu. Kesi zimeanza ilipofika kwetu Dar es Salaam.

Yale madoa ni vishungi vya vinyweleo, pambo lake la kuzaliwa. Dada wa kazi akayaona, akaamua ni ukungu. Nimerudi jioni nakuta upande mmoja umesuguliwa kwa sponji na sabuni, unang'aa. "Kaka, ilikuwa imechafuka mno," akaniambia, akingoja shukrani. Nikashukuru, ningefanyaje? Madoa yaliyosuguliwa hayaoti tena. Inabidi kungoja mwili mpya utoke katikati, na mmea huu haujui haraka.

Halafu ina tabia ya kunywea wakati wa ukame, ikajivuta chini hadi kulingana na udongo. Shangazi akaja kutoka Tanga, akaona chungu kitupu kimekaa bure barazani. Akamwagia majani ya chai, akachomeka mrehani. Mrehani unataka maji kila siku, na Shangazi si mtu wa kumnyima kiumbe wa Mungu maji. Wakati huohuo kaktasi chini yake ina mzizi mnene wa akiba, ambao ukilowa siku nyingi huoza kimyakimya. Ukigusa juu na kukuta pamelainika, ujue chini kumeshaharibika. Tuliuwahi mmea. Nikaung'oa, nikaukausha kivulini, nikaupanda upya kwenye mchanga wa mto wenye chengachenga, kokoto ndogo na udongo kiduchu. Jirani alikwisha kuniletea ndoo ya mchanga wa ufukweni, akisisitiza kwamba mchanga ni mchanga. Ule wa kwake una chumvi. Tumeutumia kusugulia masufuria.

Joto la Dar halinisumbui sana. Adui ni unyevu, hasa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo siipi hata tone. Baba mkwe alipoona naihangaikia hivyo, akaipandisha juu ya paa ikaanikwe na jua la saa saba. Porini hujificha chini ya vichaka, kwa hiyo iliungua, ikabaki na kovu la kahawia lisilofutika.

Pamoja na yote hayo, ikachanua: ua la manjano, moyo mwekundu. Shangazi akauliza mbegu zitakuwa tayari lini. Nikamweleza kwamba haijichavushi, lazima apatikane mwenzake.

"Kumbe! Umeiweka mjane miaka yote, halafu unatulaumu sisi na maji yetu?"

Akaomba namba ya simu ya rafiki yangu. Nikamsikia akiulizia hiyo nyingine inatoka kwa watu gani na imelelewaje. Mahari atatoa mwenyewe, ila kwa sharti moja: ikifika itakaa chumbani kwake, ainyweshe kwa mkono wake.