Dakika 20 za Kwenda Unguja

Kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi angani, na ndege huzimaliza kwa dakika 20 au pungufu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila imepimwa kwa mtu anayelala kwenye njia ya kurukia ndege. Abiria wa kawaida anatoka Kimara, na safari yake inaanza kwa foleni hadi Tazara. Mpe saa moja ya barabarani, saa moja na nusu ya kuwahi na kusubiri, dakika 20 za angani, kisha 40 za mizigo na teksi mpaka Mji Mkongwe. Jumla saa tatu na nusu, yaani mwendo wa kilomita 21 kwa saa: muuza madafu mwenye baiskeli nzuri angemwacha, bahari tu ndiyo inamzuia.

Hata dakika 20 zenyewe zina vituko. Ndege huruka ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kusi ile ya Unguja, iliyo kaskazini, huanza safari kwa kuelekea Gongo la Mboto, ndipo igeuke. Na kwenye zile ndogo za abiria 12 hivi, mzigo mwisho kilo 15. Mjanja anachomoa mashati matatu begini, anayavaa yote juu ya koti, jasho linamtiririka, begi linapita. Halafu anaambiwa kwa upole, “Na wewe panda mzani, kaka.” Ndege ndogo haijali uzito umefichwa wapi, inataka jumla yake tu.

Mtu atasema boti nayo ina foleni zake, tena kusi likivuma vile vifuko vya kutapikia havitoshi. Kweli kabisa, na mwenye tumbo jepesi apande ndege bila kuona haya. Lakini boti inaondoka katikati ya jiji na kufika Malindi kwa saa mbili hivi. Ukishuka, Darajani unakwenda kwa miguu. Mwingine atasema lawama ni za foleni, ndege haina kosa. Sawa, ila tiketi haiuzwi pamoja na barabara isiyo na foleni. Kwenda Mwanza ni habari nyingine: basi linakula siku nzima, ndege kama saa moja na nusu, na hapo zile saa zilizopotea ardhini zinarudi na faida. Kwa Unguja, anayefaidi hasa ni aliyetua Dar kutoka ng’ambo na kuunganisha palepale. Huyo hajaiona Tazara, na ndiye atakayekusimulia kwamba Zanzibar ni dakika 20 tu.