Jinsi ya Kufufua Jumba Kuukuu la Mtaa

Mtaani kwenu kuna jumba la umma linalovuja, madirisha hayana vioo, na mlangoni kuna kufuli lenye kutu. Usilie. Vaa viatu vya kazi ufuate hatua hizi.

1. Weka nyundo chini. Anza na wazee wanaocheza drafti nje. Kwa mfano, Kaloleni ni mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1940 kwa Waafrika waliofanya kazi mjini, na ukumbi wake ulipokea mikutano ya siasa enzi za mwanasiasa Tom Mboya. Habari kama hizo ni msingi imara kuliko saruji. Nenda na chai: mzee akiulizwa bila chai hukumbuka nusu.

2. Tafuta karatasi. Jumba la umma lina mwenyewe, naye mara nyingi ni kaunti. Jijini Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017. Mwaka 2018 wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi kuzifufua maktaba tatu: McMillan ya katikati ya jiji, Kaloleni na Makadara. Leo za Kaloleni na Makadara zimekwisha kukarabatiwa na kufunguliwa. Nawe ukienda ofisini, beba nakala tatu na subira nne.

3. Usiwajengee watu ndoto yako. Mama mboga anataka mahali mwanawe atakapofanyia kazi ya shule. Kijana anataka umeme na intaneti. Mzee anataka kiti chenye mgongo. Andika yote, na kiti usikisahau.

4. Panda juu ya paa. Rangi ndiyo inayopigwa picha, lakini mvua ya Aprili haiogopi rangi. Ziba mabati, safisha mifereji, badilisha nyaya, kisha rudisha maji chooni. Choo kikavu hufunga jumba upesi kuliko kufuli. Rangi ije mwisho.

5. Waajiri mafundi wa hapo hapo, na uwalipe. Lango lililochomelewa na kijana wa mtaa hulindwa na mama yake, shangazi zake na timu yake nzima ya mpira.

6. Amua mapema nani anashika ufunguo. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nguzo zilikuwa nzuri. Ubovu ulikuwa mlangoni. Kwa hiyo ufunguo wakae nao watu wawili wanaojulikana, saa za kufungua zibandikwe nje, na zikifika, mlango ufunguliwe hata kama aliyekuja ni mtoto mmoja mwenye daftari.

Jumba halifufuki siku ya kukata utepe. Linafufuka Jumanne ya kawaida, watu wakiingia bila kualikwa. Basi kesho, kabla hujanunua hata brashi, pita mlango kwa mlango ukiuuliza mtaa wako: ufunguo uko kwa nani?