Mawe Ruksa, Mayai Marufuku

Hapa Ndalu ukishika mimba, mdomo wako unakuwa mali ya kijiji. Kila mtu anajua unachopaswa kula, isipokuwa wewe unayetapika.

Mama mkwe amenipiga marufuku mayai. Eti mtoto atanenepa tumboni, nishindwe kumsukuma. Lakini nikirudi kutoka soko la Kitale na odowa mkobani, yale mawe laini, nikayatafuna mchana kutwa mbele yake, hashtuki hata kidogo. Ni hamu ya mimba, niachwe.

Wifi naye kaja kutoka Nairobi na dini yake mpya: hagusi nyama, samaki, maziwa wala asali. Anasema maharagwe, ndengu, njugu na sucha vinamtosha mja mzito. Nesi wa kliniki hakumpinga, ila alimwekea sharti: vitamini B12 haimo kwenye mimea, lazima imezwe. Wifi akafungua mkoba, akatoa chupa ya vidonge. Bei aliyoitaja ingeninunulia magorogoro ya maharagwe hadi nijifungue, nami nina ng'ombe nyuma ya jikoni anayenipa B12 bure, mradi ashibe.

Mimi kidonge changu ni kile cha kliniki, kila siku: miligramu 60 za madini ya chuma, mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kinafunga choo, na kikifungua, ni cheusi tititi. Hilo nimelimeza. Lililonikwama ni chai. Nesi anasema chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kufyonza chuma, hasa kile cha mboga na maharagwe. Ningoje saa moja au mbili, na mboga niishushie na chungwa. Chai! Nyumba gani Bungoma inayoficha chupa ya chai watu wakiwa mezani? Nilipofikisha ujumbe nyumbani, mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akanimiminia kikombe.

"Kunywa, mama, upate nguvu za kumsikiliza huyo nesi."

Jumapili tukachinja kuku. Zamani mwanamke wa Kibukusu hakula kuku. Wanaume walijigawia wote, wakaita mila. Siku hizi tumeruhusiwa, ila firigisi, imondo yenyewe, bado ni ya mwenye boma. Mwenye boma akapekua bakuli kwa kijiko, akapekua tena, akanitazama.

Nikamwambia aulize tumbo.